Barua ya Sifa Ni Ushahidi, Si Mapambo

(Maneno haya yalisemwa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Buhongwa, Mwanza.)



Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, vijana wetu huuliza swali moja: wafanye nini ili wachaguliwe katika vyuo vikuu ambavyo waombaji ni wengi na nafasi ni chache? Swali hilo si geni kwa Taifa letu. Jibu moja zito lilitolewa katika ufuko wa ziwa hili hili.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba kijana amalizapo Kidato cha Sita asiende moja kwa moja Chuo Kikuu. Kwanza atimize wajibu wake katika Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na sifa zilizotolewa na mahali pake pa kazi na tawi la Chama. Kufaulu mtihani kulibaki kuwa lazima, lakini hakukutosha.

Msingi wa azimio lile ulikuwa wa haki. Elimu ya juu ililipiwa kwa jasho la mkulima wa pamba na mvuvi. Basi walioishi na kijana na kufanya kazi naye walistahili kusikilizwa. Hata hivyo, utekelezaji wake ulionyesha kasoro. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilipungua, ikabidi baada ya miaka michache waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Tena, kalamu inayoweza kumtambua mchapakazi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumbeba mnafiki anayejipendekeza kwa mkubwa wake. Hatimaye utaratibu ule uliachwa.

Leo, hapa nchini, alama za mtihani ndizo zinazoamua. Daraja A lina pointi 5, B lina 4, C lina 3, D lina 2 na E lina 1. Atakaye udaktari, iwe Bugando au Muhimbili, sharti afaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, na ashindane na wenzake kwa pointi hizo. Huyo tusimdanganye kwamba maneno matamu yatamsaidia. Tumsaidie kuchagua masomo mapema, na kuomba kozi zinazolingana na ufaulu wake.

Lakini wapo wanaoomba vyuo vya nje. Harvard, Yale, Princeton na MIT, vyote vya Marekani, humsaidia hata mwanafunzi wa kigeni kulingana na uwezo wa familia yake, bila umaskini wake kumpunguzia nafasi ya kuchaguliwa. Pamoja na alama, vyuo vya namna hiyo hutaka insha ya mwombaji na barua za walimu wake. Hapo, ndugu zangu, mwombaji hayuko peke yake. Sisi tuko naye katika mizani.

Wahenga walisema chema chajiuza. Ni kweli, pale sokoni kinapoonekana. Mtoto wa Buhongwa haonekani na msomaji aliye ng'ambo ya bahari; shahidi wake ni mwalimu. Shahidi huyo akinakili barua moja kwa wanafunzi thelathini, wote wakiwa "watiifu, wasafi na wenye bidii", hajasema uongo, lakini hajasema lolote. Ameifunga njia ya mtoto wa maskini, ambaye hana mjomba wa kumtafutia njia nyingine.

Basi tuandike tulichokiona. Kama binti aliwafundisha wenzake hesabu kila jioni, tuseme aliwafundisha nini, na wao walifaulu vipi. Kama kijana alitunza daftari la mauzo ya dagaa ya mama yake huku akiongoza darasani, hiyo ni sifa, wala si aibu ya kufichwa. Na asiyestahili tumwambie mwenyewe kwa upole, badala ya kumpamba kwa wino.

Ndugu, barua ya namna hiyo haihitaji fedha wala cheo. Inahitaji mwalimu anayemjua mwanafunzi wake.