Uyoga wa Wino: Tuutambue Kabla ya Kuutia Sufuriani

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mweiga)



Mvua ikinyesha hapa kwetu, makunu hutokea kwenye samadi, kando ya njia na penye visiki vilivyooza. Watoto wanayaleta nyumbani, nasi twaulizana, "Je, haya yanaliwa?" Leo tuzungumze juu ya uyoga wa wino.

Wa kwanza ni mweupe na mrefu. Kofia yake ni kama yai lililosimama, ina magamba yaliyochanuka kama manyoya. Shina lina uwazi ndani. Ukizeeka, kofia huwa nyeusi kuanzia ukingoni, inayeyuka na kudondosha maji meusi kama wino. Huliwa ukiwa bado mweupe kote, na upikwe siku hiyo hiyo, maana haungoji kesho.

Wa pili ni ndugu yake wa kijivu. Kofia yake ni laini, huota mafungu mafungu, nao hutoa wino. Hapa tuwe macho! Sumu yake huuzuia mwili kuvunja pombe, hata kwa siku kadhaa. Mama na watoto wanakula, wanalala salama. Kesho yake baba anakunywa muratina: uso unawaka, moyo unapiga mbio, anatapika. Mama analaumiwa kwamba amemwekea kitu, na nyumba inavurugika bure. Tusiupike kabisa.

Pia kuna uyoga mweupe wa malishoni, mpana kama mwavuli, una magamba ya kahawia. Ukikomaa, chini ya kofia huwa kijani. Huo hutapisha na kuharisha vibaya.

Basi tufanye hivi: tukate kofia moja, tuilaze juu ya karatasi nyeupe, tufunike kwa bakuli hadi asubuhi. Uyoga wa wino huacha unga mweusi. Ule wa malishoni, kijani. Lakini unga mweusi pekee hautoshi, kwa kuwa kuna makunu mengine ya samadi yenye unga kama huo na yana sumu. Lazima dalili zote zipatane.

Tusidanganyike na sarafu au kitunguu ndani ya sufuria. Hivyo havitambui sumu.

Mtu akiugua, tumpeleke hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga. Dalili zikichelewa saa sita au zaidi, hatari ni kubwa zaidi, hata akionekana amepata nafuu.

Tukiwa na shaka, tuuache. Afadhali kulala na sukuma wiki.