Karatasi zetu zipatikane, watu wetu wasipatikane

Mazungumuzo mbele ya vijana wa muji, siku ya posho

Wenye kusimama kule ku mulango, ingieni, viti vingali. Waliniomba nieleze ginsi nilitengeneza baze ya data ya tovuti yangu, ile munaitaka "kabati ya kominike". Nitaeleza kazi yenyewe, na nitaeleza pia kosa moja kubwa nililofanya, juu ile kosa karibu ichome watu ambao hawakuniomba kitu chochote.

Ilianza ku soko. Mama mumoja jirani yetu anauzisha ndagala. Siku moja mutu wa takse akamuambia kama bei ya meza imepanda. Mama akanipigia telefone: "Mwanangu, wewe unapigaka picha ya kominike zote, hauna ile ya meza?" Nilikuwa nayo. Ilikuwa mu telefone, katikati ya picha za ndoa, za mupira, na karatasi zaidi ya mia tatu. Nilitafuta saa moja na nusu. Wakati nilipoikuta, mama alikwisha kulipa, na yule mutu wa takse alikuwa anapiga hesabu ku meza ya tano. Karatasi yenye muhuri ilikuwa inasema bei ya zamani, na hakuna karatasi ingine iliyokuwa imetoka.

Siku ile njo nilielewa kama kuwa na kitu na kukikuta ni mambo mawili. Sisi vijana tunatupa kila kitu mu WhatsApp. Nyuma ya wiki mbili, nenda utafute. Na telefone ikiibiwa, kabati yote imeenda.

Sasa, kazi. Watu wengi wanaanza na ordinatere. Mimi nilianza na kaye. Niliandika maulizo yenye watu wananiulizaka: bei ya meza ni ngapi? Arete gani inakataza wamotari kupita usiku? Nani alitia sahihi? Ilitoka lini? Kila ulizo linakupa kolone yake: tarehe, aina ya karatasi, ofisi iliyoitoa, kichwa, maneno yote ya karatasi, na jina la fishie ya picha. Karatasi moja, mustari moja. Kama kolone haijibu ulizo la mutu yeyote, toa. Kumbukeni hii, nitairudilia.

Tarehe muiandike mwaka mbele: 2023-03-09. Mutu akiandika 9/3/2023, mwingine 09-03-23, mashini itapanga tarehe zenu sawa viazi mu gunia.

Halafu maneno yote ya karatasi. Hapa njo jasho iko. Picha ni picha tu, mashini haitafute ndani yake mpaka mutu aandike maneno. Kuko programu za kusoma picha, nilijaribu, lakini karatasi yenye kukunjika na muhuri juu ya namba, inakusomea 1 pahali pa 7. Kwa mambo ya bei, hapana. Nilikaa chini, nikaandika na vidole, karatasi tano kila magaribi, siku umeme uko.

Chombo nilichotumia kinaitwa SQLite. Mumarekani mumoja, Richard Hipp, alikitoa mwaka 2000, na hakuna mwenye kukudai franka hata moja. Baze yote ni fishie moja tu, unaweza kuibeba mu kle USB. Na musiseme ni kitu cha wakubwa: telefone zenu za Android ziko nayo tayari ndani.

Kutafuta kwenyewe je? Kama kitabu hakina orodha ya maneno ku mwisho, unasoma ukurasa kwa ukurasa. Kikiwa nayo, unaangalia neno, linakuambia enda ukurasa 40. SQLite inaweza kutengeneza orodha kama ile, kile chombo kinaitwa FTS5. Lakini hapa niligonga kichwa. Vyombo hivi vilifikiriwa kwanza kwa luga zenye neno kubadilika ku mwisho. Kifaransa: "taxe", "taxes". Ukiandika mwanzo wa neno, yote inakuja. Kiswahili chetu kinabadilika mbele! Kulipa, analipa, malipo, walilipisha. Mwanzo wa maneno haya hauna kitu unachoweza kukamata. Dawa ni kuambia FTS5 ikate maneno vipande vya herufi tatu tatu. Ukitafuta "lip", inakuletea yote mane. Ni kweli itakuletea pia "tulipokuwa", lakini utavumilia.

Na sisi wenyewe hatuandikake namna moja. Mumoja anaandika muji, mwingine mji. Inchi, nchi. Karatasi ya ofisi inasema "étalage", mama anasema takse ya meza, mwalimu anasema ushuru. Kwa hiyo niliongeza kolone moja yenye msomaji haione: maneno ya kutafuta. Ndani naandika yote, herufi ndogo, bila alama za Kifaransa: etalage, meza, takse, kodi, ushuru, soko. Mama atafute kwa neno lake mwenyewe. Hii kolone moja imesaidia watu kuliko kode yote niliyoandika.

Kama karatasi zenu zingali mia chache, hakuna haja ya kulipia serveri. Mimi nakamata baze, naitoa kama fishie moja ya maneno, isiyofika hata mega moja, naiweka ku tovuti ya bure. Telefone ya msomaji inaikamata mara moja, inatafuta yenyewe. Picha inashuka tu kama mutu ameibonyeza, juu mega ni pesa. Zikifika maelfu, hapo serveri na ile orodha ya FTS5. Siku ile, mambo mawili: fishie ya baze isikae mu dosie yenye watu wote wanafikia, maana mutu akijua jina lake anaibeba muzima. Na maneno ya mugeni musiyaunganishe moja kwa moja ndani ya amri ya baze, muweke alama ya ulizo pahali pake, chombo kiyaingize chenyewe. Vile sivyo mutu anaandika amri ku pahali pa kutafuta, na baze inamutii.

Sasa kosa langu.

Mimi napenda kujua kila karatasi ilitoka wapi. Nilikuwa na kolone ya saba: "mutoaji". Ndani nilikuwa naandika jina la mwenye kunipa karatasi, na mara ingine namba yake. Mama wa ndagala alikuwa ndani. Motari mumoja. Kijana mumoja anafanya kazi mu ofisi ambayo sitataja. Ku ukurasa, ile kolone haikuonekana. Nilikuwa nimeificha, nikalala vizuri.

Miezi mitatu nyuma yake, rafiki mumoja alikuja nyumbani, akafungua tovuti yangu ku ordinatere yake, akabonyeza mara mbili, fishie yote ikafunguka mbele yetu. Majina, namba, kila kitu. Akaniuliza tu: "Huyu ni nani?" Kidole chake kilikuwa juu ya jina la yule kijana wa ofisi.

Wandugu, kitu chochote kinachofika mu telefone ya msomaji, msomaji anaweza kukisoma. Kuficha ku ukurasa si kutoa. Nilifuta kolone usiku ule ule. Lakini tovuti za bure kama GitHub zinachunga kila hatua ya zamani ya fishie zako, mutu anarudi nyuma anasoma yenye ulifuta. Nililazimika kuvunja dosie yote na kuanza ingine mupya. Na hata hivyo, siwezi kujua nani alishaibeba mbele.

Asubui nilienda kuwaona, mumoja mumoja. Motari alicheka. Mama alinyamaza, akaniuliza kama namba yake ilikuwa ndani, nikasema ndiyo. Kijana wa ofisi hajanipa tena karatasi, na ninamuelewa. Inchi yetu iko na Kode ya numérique tangu tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, na ndani kuna sehemu juu ya ulinzi wa data za mutu. Lakini siyo kode yenye nilikuwa nafikiria nilipokuwa nasimama mbele ya meza ya ndagala.

Kwa hiyo rudilieni kaye yenu. "Nani alinipa karatasi hii?" ni ulizo la nani? La msomaji, hapana. Ni langu mimi peke yangu, na siku moja linaweza kuwa la mutu mwenye kutafuta ubaya. Jibu lake likae mu karatasi, nyumbani, ao mu kichwa. Na picha pia: kitansi iko na jina la mwenye kulipa, kateni ile sehemu mbele ya kuiweka. Telefone inaweza kuandika ndani ya picha pahali mulipoipigia, hata nyumba yenyewe. Zimeni ile kitu mu kamera, na picha za zamani mupige upya ao mutoe zile alama.

Siku ya posho ijayo, saa nane, tutafanya ya Butembo hii pamoja, karatasi za soko kwanza. Kila mutu alete maulizo tano ambayo ameuliza watu wa avenyu yake, hapana yenye amefikiria mwenyewe ku kitanda. Mwenye ordinatere alete, mwenye multiprise alete, iko prise mbili tu mu sale hii. Na mukule mbele ya kuja, juu kesi yetu haina kitu.

Haya, nani ana ulizo?