Tope la Ziwani na Umri wa Msitu wa Mlima Kenya



Siku moja nilipokuwa nikifasiri karatasi ya elimu ya misitu, nilimsomea mzee mmoja wa Meru maneno yaliyosema kwamba mahali palipo msitu mnene leo, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, palikuwa nyasi na vichaka zamani za miaka 20,000 iliyopita. Mzee alinitazama kwa upole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na aliyeandika hayo, alikuwapo?" Sikuwa na jibu. Nimesimama mbele yenu leo kujaribu kumjibu, maana swali lake ni la haki, na mtu asiyeweza kulijibu afadhali asiseme habari za miaka 20,000.

Jibu fupi ni hili: hapakuwa na mtu wa kuandika, lakini palikuwa na ziwa, na ziwa huweka mashapo.

Kila mama hujua mashapo ni nini. Ukiteka maji ya mto wakati wa mvua ukayaacha mtungini usiku kucha, asubuhi utayakuta yametakata, na chini pamekaa tope laini. Ziwa nalo hufanya vivyo hivyo mwaka hata mwaka. Vumbi lipeperushwalo na upepo, majani yaangukayo, majivu ya moto wa porini, yote huzama na kutulia, tabaka juu ya tabaka, lile la kale likiwa chini na lile la jana likiwa juu. Upande huo wa mlima nilioutaja liko ziwa dogo ambalo ramani za Kiingereza huliita Sacred Lake, yaani Ziwa Takatifu. Limo ndani ya bakuli la volkano iliyozimika, mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, na msitu umelizunguka.

Wataalamu huingia katika ziwa kama hilo kwa chelezo, wakashusha bomba la chuma mpaka chini, wakalisukuma ndani ya tope kidogo kidogo, na kulitoa likiwa limejaa nguzo ndefu ya tope lisilovurugika. Chombo kitumiwacho sana kwa kazi hii kilibuniwa na Mmarekani aitwaye Daniel Livingstone (si yule David tuliyemsoma shuleni), ambaye naye alikwenda kuchimba tope la maziwa ya milima ya Ruwenzori, nchini Uganda.

Sasa, katika tope hilo kuna nini? Kuna chavua, yaani ule unga wa maua ambao nyuki hurudi nao miguuni. Chembe zake ni ndogo mno. Zile za wastani, ukizipanga 30 kwa mstari mmoja, hazitimizi milimita 1. Walakini ganda la chembe ya chavua ni gumu ajabu. Mti huoza, jani huoza, lakini ganda lile likizama katika tope lisilo na hewa hudumu maelfu ya miaka. Maabarani tope huoshwa kwa dawa kali za tindikali zinazoyeyusha mchanga na uchafu mwingine, na chavua husalia. Kisha mtaalamu hukaa mbele ya darubini akihesabu chembe moja moja, mamia kwa kila tabaka. Ni kazi ya kuchosha macho, na mimi ninayelalamika kwa kufasiri kurasa kumi kwa siku naona haya nikiifikiria.

Chembe za kila aina ya mimea zina sura yake. Ile ya mti wa podo ina vifuko viwili vya hewa kama mabawa, ndiyo maana huruka mbali sana, na mtaalamu mwenye busara hadai kwamba podo ulimea kando ya ziwa kwa kuona chembe chache tu. Nyasi nazo zina ila yake: chavua za karibu nyasi zote zafanana. Likumbukeni jambo hili la nyasi, nitalirudia.

Ninyi mliopanda mlimani mwajua kwamba mimea yake imepangwa kama ngazi. Chini ni msitu mkubwa wa podo, mitarakwa na miti mingine ya mbao. Juu yake ni mianzi. Kisha miti ile yenye magamba mekundu iitwayo Hagenia. Halafu vichaka virefu vyenye majani membamba kama sindano. Na huko juu kabisa ni lobelia kubwa na nyasi za baridi, mpaka kwenye mawe na barafu. Kwa hiyo chavua zikionyesha kwamba kando ya ziwa, mahali pa msitu, palimea mimea ya vichakani na ya nyasi za juu, maana yake ngazi nzima ilikuwa imeshuka.

Hayo ndiyo waliyoyaona Bwana E. M. van Zinderen Bakker na Bibi J. A. Coetzee, wataalamu kutoka Bloemfontein katika Afrika ya Kusini, walipochunguza tope la kinamasi cha Kaisungor katika milima ya Cherangani, na lile la Ziwa Takatifu. Walitangaza habari zao kati ya mwaka 1962 na 1967. Waliona kwamba mpaka wa juu wa msitu ulikuwa umeshuka kiasi cha mita 1,000 hivi kuliko ulipo leo.

Lakini lini? Hapa ndipo palipo moyo wa maneno yangu. Matabaka hutuambia lipi lilitangulia na lipi lilifuata, basi. Hayatuambii miaka. Mwalimu wetu wa shule ya misheni alituanzishia historia ya pwani kwa Vasco da Gama, mwaka 1498, kwa sababu palikuwa na tarehe ya kushika. Tope halina kalenda, na kabla ya mwaka 1949 mtu aliyechimba kinamasi cha Afrika alikuwa akibahatisha tu.

Kalenda ilipatikana katika kaboni. Makaa ni kaboni, na kila kilicho hai kina kaboni mwilini mwake. Karibu kaboni yote ni ya kawaida, isiyobadilika. Lakini iko namba 14, ambayo hutengenezwa huko juu angani, pale miali itokayo anga za mbali inapogonga hewa. Ni haba mno: katika hewa, atomu moja tu kati ya kiasi cha milioni milioni za kaboni. Mmea huivuta pamoja na hewa, mnyama huila katika mmea, na maadamu wangali hai hupungua na kujazwa tena. Siku kiumbe kinapokufa, kujazwa hukoma. Kaboni namba 14 iliyomo huanza kugeuka na kutoweka kwa mwendo usioharakishwa na joto wala kucheleweshwa na baridi: baada ya miaka 5,730 imebaki nusu, baada ya miaka 11,460 imebaki robo, baada ya miaka 17,190 imebaki sehemu moja katika nane. Pima kilichobaki, nawe utajua mmea ulikufa lini.

Aliyefikiri hivyo na kuonyesha kwamba yawezekana alikuwa Bwana Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wala hakutaka aaminiwe bure. Yeye na wenzake walichukua vipande vya miti kutoka makaburi ya wafalme wa Misri, ambao miaka yao ilijulikana kwa maandishi, wakavipima, na vipimo vikakubaliana na maandishi. Hayo walitangaza mwaka 1949, na mwaka 1960 Libby akapewa tuzo ya Nobel ya kemia. Naona mzee wangu wa Meru angependezwa na jambo hilo: kwamba shahidi mpya alijaribiwa kwanza kwa kesi ambayo hukumu yake ilikwisha kujulikana.

Hata hivyo shahidi huyu hudanganyika, na lazima niseme jinsi adanganyikavyo. Mizizi ya mimea ya leo ikipenya katika tope la kale, huleta kaboni mpya. Tope ambalo lingepaswa kuwa halina hata chembe ya kaboni namba 14, likichanganyika na sehemu moja tu katika mia ya kaboni ya leo, litasema, "Mimi nina miaka 37,000," nalo ni la zamani kupita kiasi cha kupimika. Kinyume chake, maji yapitayo katika mawe ya chokaa huleta kaboni iliyokufa zamani sana, na tope la jana likajifanya kikongwe. Tena mwisho wa uwezo wake ni kama miaka 50,000, maana hapo imebaki chini ya sehemu moja katika mia nne ya kile kidogo kilichokuwamo mwanzo.

Kuna ila nyingine iliyogunduliwa baadaye. Kiasi cha kaboni namba 14 angani hakikuwa sawa nyakati zote. Kwa hiyo "mwaka wa kaboni" haulingani na mwaka wa kalenda, ikabidi vipimo visahihishwe kwa kuhesabu pete zilizomo ndani ya magogo ya miti ya kale, pete moja kwa mwaka. Kipimo cha miaka 10,000 ya kaboni ni kama miaka 11,500 ya kalenda. Kile cha 20,000 ni kama 24,000. Basi usomapo vitabu vya zamani kidogo, uliza ni miaka gani inayohesabiwa. Nasi wafasiri tumekwisha kupotosha watu mara nyingi kwa kuandika "miaka" tu. Jambo jingine la kuchekesha ni kwamba wataalamu wanaposema "kabla ya sasa", "sasa" yao ni mwaka 1950, nayo haisogei.

Turudi mlimani. Kwa hesabu ya kaboni, nyasi na vichaka vilitawala kando ya Ziwa Takatifu wakati wa baridi kuu, zamani za miaka 20,000 hivi, wakati barafu ya mlima iliposhuka chini sana mabondeni. Kisha, kati ya miaka 14,000 na 10,000 ya kaboni iliyopita, msitu ulipanda tena: Hagenia ilitangulia, na miti ya msitu wenye unyevu ikafuata. Na karibu miaka 4,000 iliyopita chavua ya podo iliongezeka katika maziwa na vinamasi vingi vya Afrika ya Mashariki, dalili ya hali ya hewa kuwa kavu zaidi. Msitu huu ambao maji yake huingia katika mto Tana na Ewaso Nyiro si wa tangu milele. Umekuja, na una tarehe ya kuja.

Tena tarehe zilipowekwa sawa, ubishi mpya ukazuka. Mwanzoni wataalamu walisema baridi peke yake ndiyo iliyoshusha msitu: mita 1,000 za mlima ni kama digrii 6 za joto, hesabu ikaisha. Ndipo linapoingia lile jambo la nyasi. Chavua haikuweza kusema ni nyasi za aina gani. Lakini kuna kaboni nyingine, namba 13, isiyotoweka, ambayo kiasi chake hutofautiana kati ya nyasi za baridi na zile za ukoo wa mahindi, mtama na miwa. Mwaka 1997 Bibi F. Alayne Street-Perrott na wenzake walitangaza kwamba tope la wakati wa baridi katika Ziwa Takatifu lilikuwa na alama ya ukoo wa pili, ambao leo hupenda nchi za chini zenye joto. Nyasi za joto zilitafuta nini mlimani wakati wa baridi?

Jibu lao ni kwamba hewa yenyewe ilikuwa na upungufu. Wakati ule hewa ya ukaa, ambayo ndiyo chakula cha mimea, ilikuwa sehemu 190 hivi katika milioni moja. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa 280. Mwaka 2023 ilipita 420. Nyasi za ukoo wa mahindi huishi vizuri kwa ukaa kidogo, lakini miti huona njaa. Kwa hiyo msitu ulishushwa na baridi na njaa pamoja, na ukame ukasaidia. Mimi nakubaliana nao, ingawa kugawanya sawasawa kila mmoja alichukua sehemu gani bado ni ubishi.

Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, tope limeandika habari ya namna nyingine. Huko, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, chavua za miti zilianza kupungua na za mimea ya mahali palipofyekwa zikaongezeka. Hiyo haikuwa kazi ya barafu. Ilikuwa kazi ya watu, nao walikuwa wameacha alama kabla ya mgeni yeyote kufika na kalamu.

Na sisi je? Tabaka letu limekwisha kuanza kukaa. Mtaalamu akiona chavua ya mahindi katika tope la nchi hizi, hujua kwamba amefika miaka ya baada ya Wareno; akiona ya mikaratusi na misunobari ya mashamba ya mbao, hujua kwamba yuko karibu na juu kabisa. Tena kuna alama isiyofutika. Majaribio ya mabomu ya atomiki ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni namba 14 angani mpaka karibu mara mbili ya kawaida, ikafika kilele chake katikati ya miaka ya 1960, ikaanza kupungua. Kila jani lililoota mlimani wakati ule liliivuta, na lililoangukia ziwani limo humo. Mzee yule aliniambia alikuwa akichunga mbuzi karibu na ziwa katika miaka hiyohiyo. Nikirudi Meru nitamwambia kwamba lipo tabaka moja katika tope lile ambalo, kwa hakika, yeye alikuwapo.