Zimwi Lenye Zipu Mgongoni: Sinema za Madubwana, Kanda za Video na Usimulizi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuzigawa kazi katika makundi mawili: fasihi dhati na fasihi pendwa. Mgawanyo huo umejadiliwa kwa muda mrefu, na riwaya za upelelezi kama Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula (1965) hatimaye zimepata nafasi katika madarasa ya vyuo. Hata hivyo, liko kundi ambalo limebaki nje ya mlango. Ni zile sinema za kutisha za gharama ndogo zilizoenea kwa kanda za video, ambamo dubwana ni mtu aliyevaa vazi la mpira, na jini ni mwigizaji aliyepakwa rangi usoni na kutiwa meno ya bandia. Watu huzitazama kwa furaha, kisha huona haya kukiri. Msomi akiulizwa, husema kwamba alikuwa akipita tu, au kwamba ni watoto waliotaka kutazama.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba haya hiyo haina mizizi katika sanaa ya Kiswahili. Msingi wake ni imani kwamba sanaa bora ni ile inayoficha mbinu zake. Mtambaji wa ngano hakuwahi kuishika imani hiyo, wala mfasiri wa filamu katika kibanda cha video. Kuwaonea haya watazamaji wa kibanda ni kukubali kupoteza hazina ya lugha ambayo bado haijakusanywa ipasavyo.

Asili ya vazi la mpira

Dubwana la mpira lililo mashuhuri kuliko yote lilizaliwa Japani. Mwezi Novemba 1954 kampuni ya Toho ilitoa filamu ya Godzilla, iliyoongozwa na Ishirō Honda. Fundi wa mandhari zake, Eiji Tsuburaya, aliipenda mno King Kong ya mwaka 1933, ambayo sokwe wake alikuwa kikaragosi kilichosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Njia hiyo ilihitaji muda na fedha ambavyo hakuwa navyo. Badala yake mwigizaji Haruo Nakajima alivishwa vazi zito mno, akatembea ndani yake akivunja majumba madogo ya kuigiza.

Pamoja na umaskini huo wa vifaa, filamu ile haikuwa mchezo wa kitoto. Mwezi Machi mwaka huohuo, wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa katika jahazi la Daigo Fukuryū Maru walikumbwa na vumbi la bomu la nyuklia ambalo Marekani ililijaribu huko Bikini. Watazamaji walilijua jambo hilo walipomwona mnyama aliyeamshwa na mabomu akitoka baharini. Vazi lilionekana wazi kuwa vazi, ilhali hofu iliyobebwa nalo ilikuwa ya kweli.

Jambo la pili lina uzito zaidi kwa mada hii. Filamu hiyo ilipopelekwa Marekani mwaka 1956, haikupelekwa peke yake. Zilipigwa picha mpya za mwigizaji Raymond Burr akiwa mwandishi wa habari anayeshuhudia mambo na kuyasimulia, zikapachikwa katikati ya zile za Kijapani. Yaani, dubwana lilipovuka bahari lilihitaji msimulizi. Mwaka 1993 Wamarekani walifanya jambo linalofanana na hilo: mapambano ya madubwana kutoka kipindi cha Kijapani cha mwaka 1992 yaliungwa na hadithi mpya, kikapatikana kipindi cha Power Rangers. Picha ya mpira husafiri kwa urahisi kwa kuwa inakubali kusimuliwa upya.

Sarufi ya dubwana

Kiswahili chenyewe kina njia ya kumvika mtu vazi la namna hiyo. Katika neno mtu, kiambishi m- kikiondolewa na ji- kikawekwa mahali pake, hupatikana jitu. Nyoka akiingizwa katika ngeli hiyohiyo ya ukubwa huwa joka. Msikilizaji hahitaji kuelezwa kwamba ndani ya jitu umo mzizi -tu uleule wa mtu. Anausikia, na bado anaogopa. Kiambishi hakifichi kitu, bali hubadilisha kipimo. Vazi la Nakajima lilifanya kazi hiyohiyo kwa mwili wa binadamu.

Zimwi wa ngano naye hutengenezwa hadharani. Bibi anayetamba haondoki jikoni akarudi na sura nyingine. Hunenepesha sauti tu, akatoa wimbo wa zimwi, huku wajukuu wakiuona uso wake ule ule wa kila siku. Raha yao yatokana na kuviona vyote viwili kwa pamoja, bibi na zimwi.

Kibanda na mfasiri

Inafaa sasa kuitazama Nyakasimbi, katika eneo la Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Lugha ya kwanza ya wenyeji ni Runyambo, ambayo Josephat Rugemalira aliitolea sarufi mwaka 2005. Mpaka wa Uganda uko karibu, na kwa miaka mingi hata umeme wa miji ya Kagera ulitoka huko. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu baadaye katika vijiji visivyo na umeme, sinema ilimaanisha deki, televisheni moja, jenereta na mabenchi. Mahali hapo paliitwa kibanda. Waganda nao huita kumbi hizo bibanda, kwa mzizi ule ule.

Pande zote mbili za mpaka alitokea fundi mpya. Uganda humwita VJ. Tanzania humwita DJ au mfasiri, na majina kama Lufufu na DJ Mark yalijulikana kuliko ya waongozaji wa filamu zenyewe. Mfasiri huyu hatafsiri neno kwa neno. Huwataja wahusika kama steringi na adui, huwapa majina ya nyumbani, hueleza desturi za ugenini, na hucheka pale palipotengenezwa vibaya. Lufufu aliisimulia hata Titanic ya mwaka 1997, kazi iliyochambuliwa na Matthias Krings katika African Appropriations (2015).

Mtazamaji wa Nyakasimbi huweza basi kuipokea filamu moja kwa lugha tatu: waigizaji wanasema Kikantoni au Kiingereza, mfasiri anasema Kiswahili au Kiganda, na jirani kwenye benchi anachekesha kwa Runyambo. Kwa nini asimuliwe kitu anachokiona? Jibu liko jirani. Miongoni mwa Wahaya, hadhira humtaka mtambaji aone ili nao waone. Maneno hayo ndiyo yaliyompa Peter Seitel jina la kitabu chake cha mwaka 1980, See So That We May See. Katika kibanda, macho ya hadhira yanaona mpira na zipu. Mfasiri ndiye anayeliona zimwi kwa niaba yao.

Waongozaji wa Kitanzania waliielewa kazi hiyo. Mussa Banzi alitumia jina la Kinyakyusa la mzuka katika filamu yake ya Nsyuka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha mwaka 2005 akatoa Shumileta, inayohusu jini wa kike. Fedha zilikuwa chache. Lakini watazamaji walikwisha kuwajua majini hao kabla kamera haijawashwa, na filamu iliwaomba tu wakubali kuwakumbuka.

Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili ya kuheshimiwa. La kwanza ni la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi mamlaka juu ya tafsiri ya kazi yake, na wafasiri wengi hawakuomba ruhusa. Hoja hiyo ni ya kweli, na utafiti hauwezi kuifumbia macho. La pili ni la lugha: kwamba Kiswahili cha kibandani ni cha mtaani na kinapotosha maana. Hapa jibu ni tofauti. Mfasiri hupotosha filamu kama vile kila mtambaji anavyopotosha ngano aliyoirithi. Upotoshaji huo ndio fasihi simulizi yenyewe. Isitoshe, kwa msikilizaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Runyambo, sauti hiyo ilikuwa darasa la Kiswahili lisilo na fimbo.

Hitimisho

Muda wa kuchukua hatua ni mfupi. Utepe wa sumaku huchakaa hata ukiwa kabatini, hasa penye joto na unyevu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Kanda iliyobaki leo katika sanduku la mmiliki wa zamani wa kibanda huenda ikakosa mashine ya kuichezesha kabla mtafiti hajafika.

Kwa hiyo yapendekezwa mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa fasihi simulizi wanaotoka mikoa ya mipakani wapewe kazi ya kutafuta kanda zilizosimuliwa, wakianzia vijijini kwao. Pili, masimulizi hayo yanakiliwe kwa maandishi, pamoja na vicheko na majibizano ya hadhira pale yanapokumbukwa, kama inavyofanywa kwa ngano. Tatu, wafasiri walio hai wahojiwe kuhusu ufundi wao na waandikwe kwa majina ya usanii wao, kama watunzi. Mwanafunzi atakayeleta kanda ya dubwana la mpira asichekwe na mwalimu wake. Aulizwe nani alisimulia, kwa lugha gani, na wasikilizaji walijibu nini.