MAZUNGUMZO YA AFYA: INI LENYE MAFUTA SI USHAHIDI WA ULEVI



Katika maandishi ya utafiti juu ya maradhi ya ini, makala moja ya kurasa 5, iliyochapishwa mwaka 1980, inastahiki kukumbukwa. Kabla yake, ini lenye mafuta na uvimbe lilihesabiwa kuwa alama ya ulevi, na mgonjwa aliyekana kunywa pombe hakuaminiwa kwa wepesi.

Dokta Jürgen Ludwig, mwanapatholojia wa Mayo Clinic, mjini Rochester, Marekani, pamoja na wenzake, alieleza habari za wagonjwa 20 wasiokuwa walevi, ambao maini yao yalionyesha madhara yale yale. Wengi wao walikuwa wanene, na baadhi walikuwa na kisukari. Maradhi hayo yakapata jina. Mwaka 2023 wataalamu wa mataifa mbalimbali walikubaliana jina jipya linalotaja asili yake, yaani hitilafu katika namna mwili unavyotumia chakula.

Kwa hiyo, mwenye unene au kisukari anaombwa aonane na daktari apimwe ini mapema, kabla halijafanya makovu. Jamaa na majirani nao wanaombwa wasimtuhumu.