Waliovuka Bahari Mbili Wakafika Ifunda
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu)



Nimetakiwa niseme machache juu ya mkimbizi. Hapa Iringa na Mbeya neno hilo hutufanya tumfikirie Mwafrika mwenzetu aliyevuka mpaka kwa miguu. Leo nawakumbusha wakimbizi wengine, Wazungu, waliokuja kwetu kwa kuvuka bahari mbili.

Septemba 1939 Ujerumani na Urusi ziliivamia Poland na kuigawana. Kuanzia Februari 1940 Warusi waliwasomba raia wengi kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Njaa na baridi viliwaua wengi. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwaka 1941, walionusurika waliachiliwa. Mwaka 1942 zaidi ya watu 100,000, askari na raia, walivushwa Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlavi, Uajemi, katika meli zilizofurika. Homa ya chawa na kuhara viliwafuata; wengine walizikwa palepale Pahlavi.

Kutoka Uajemi, maelfu ya raia, wengi wao akina mama na watoto, walipakiwa tena melini kuja Afrika. Bahari ya Hindi haikuwa salama, kwani nyambizi za Wajapani ziliwinda meli. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa ikiwa na askari wengi wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na mojawapo ya nyambizi hizo. Watu zaidi ya 1,200 walikufa.

Kambi kubwa kupita zote hapa Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Wengine waliletwa nyanda hizi, Ifunda na Kidugala. Reli haikufika Iringa, hivyo safari yao iliishia barabarani. Huko kambini watoto waliopoteza miaka ya masomo walikalishwa tena darasani.

Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini vijiji vya wengi wao vilikuwa vimeingizwa Urusi. Wakatawanyika tena, Uingereza, Kanada na Australia. Ifunda ikawa na shule ya ufundi. Makaburi ya waliofia huku yamebaki Ifunda na Kidugala.

Ndugu zangu, wale walikuwa na rangi moja na waliotutawala, lakini rangi haikuwaokoa. Aliyeamua wapokelewe alikuwa Serikali ya Kiingereza, si Mhehe wala Mbena. Tangu Uhuru wa 1961 uamuzi ni wetu wenyewe. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972 na jamaa zao, zaidi ya 160,000, walipewa uraia wa Tanzania. Hilo tumelifanya sisi, na lawama ya kumfukuza mwenye shida nayo itakuwa yetu.

Vijana, siku moja darasani mwenu ataingia mtoto ambaye Kiswahili chake kinakwama. Msimcheke. Mpeni nafasi kwenye dawati, mwazimeni daftari. Na mkipita Ifunda, ulizeni makaburi yaliko, mng'oe majani.