Mto Rufiji Baada ya Bwawa
(Mada iliyoandaliwa kwa wakazi wa kata za bondeni)



Kwa vizazi vingi mkulima wa bonde la Rufiji aliyasoma majira kwa kuutazama mto. Wakati wa masika maji yalipanda, yakafunika mashamba na kuacha tope. Yalipoondoka, mahindi na kunde za mlau zilipandwa katika udongo uliokwisha kunywa maji, bila kungoja mvua. Madungu yalisimamishwa juu ya nguzo kwa kuwa mafuriko yalikuwa mgeni anayejulikana.

Tarehe 22 Desemba 2022 maji yalianza kujazwa katika Bwawa la Julius Nyerere, na tangu hapo mto una mlango. Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu bado huleta maji yake, lakini sasa hutulia nyuma ya ukuta, kisha hupitishwa katika mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme huhitajika Agosti kama uhitajikavyo Aprili. Ndiyo maana bwawa huyapunguza maji ya masika na kuyaongeza ya kiangazi.

Maji ya kiangazi ni neema kwa mwenye pampu. Kwa mkulima wa mlau hali ni nyingine, kwani shamba lisilofikiwa na maji halipati unyevu wala tope. Sehemu kubwa ya tope hilo hutuama bwawani, na maji yatokayo, yakiwa mepesi, huchimba kingo na sakafu ya mto. Maziwa ya pembeni, wanamozaliana samaki, nayo hutegemea mafuriko. Na huko delta, mikoko na kamba huishi kwa mizani ya maji baridi na ya chumvi.

Kosa la hatari ni kudhani kwamba bwawa limeyafuta mafuriko. Bwawa hupunguza mafuriko likiwa na nafasi tu. Likishajaa, maji yaingiayo hayana budi kutoka. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 yaliwakuta wengi mashambani. Ardhi iliyokaa kavu miaka miwili haijawa kiwanja cha nyumba.

Kabla ya kupanda mlau, ni vema mkulima amwone afisa ugani wa kata. Masuala ya mgawanyo wa maji ya mto huu yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na hoja za wakazi huweza kuifikia kupitia mikutano ya vijiji.